Magari Yanayorudi Yenyewe

Jengo letu lina wenyewe wawili, na nyumba yenye wenyewe wawili haikosi maneno. Chini ni maktaba ya mji wa Wiang Takhian, ambayo mimi Lamduan naitunza tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Juu ni klabu ya wazee, ambako kila asubuhi wanawake wa rika langu hucheza mazoezi kwa muziki wa kutikisa rafu. Nje kuna uwanja wa sementi wenye nafasi thelathini na nne za magari, zimechorwa rangi nyeupe, na hizo nafasi ndizo zilizotaka kunitoa roho.

Habari aliileta Kamthon, naibu meya, mtu mnene mpole anayecheka kabla ya kusema jambo baya.

“Mwalimu Lamduan, usiwe na wasiwasi. Tunapima tu.”

“Mtu hapimwi sanda akiwa mzima, Mheshimiwa. Mnapima nini?”

“Mahitaji ya maegesho ya jengo.”

“Na mkishapima?”

Akacheka. Nikajua nimekwisha.

Jengo likionekana linahitaji nafasi zaidi ya zilizopo, ukumbi wangu wa kusomea utavunjwa kuta, zibaki nguzo, magari yalale humo. Vitabu vitapelekwa chumba cha juu kabisa, chini ya bati, mahali ambapo hata mjusi hupumzika mara mbili kabla ya kufika. Nilimuuliza Kamthon kama anajua nani anasoma kwangu. Alisema anajua, wananchi. Hakumjua mama muuza tambi, anayesoma hadithi za wauaji supu yake ikichemka ng'ambo ya barabara, akirudisha vitabu vina madoa ya mafuta. Hakuwajua watoto wanaojilaza sakafuni kwa sababu vigae vyangu vina ubaridi. Wala hakumjua Shemeji Thawin.

Thawin ni fundi magari mstaafu, mume wa Dada Bunruean, mwenyekiti wa klabu ya wazee huko juu. Mwaka uliopita alipata kiharusi, akapona, au ndivyo tulivyoambiwa. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito kidogo, naye hakutaka kuulizwa habari zake. Kila asubuhi mkewe alitangulia mapema kufunga spika za muziki, yeye akaja baadaye peke yake kwa bajaji mpaka getini, akakaa kiti cha dirishani upande wa bustani, akasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, kisha akaanza kunikosoa ninavyopanga vitabu. Nilimpenda sana mzee yule. Msomaji asiyekosoa ni mpita njia tu.

Wiki hiyohiyo akaja injinia kutoka Bangkok, kijana aitwaye Phuwanat, ana miwani na begi la kompyuta. Akapandisha kamera juu ya nguzo ya umeme, ikiangalia uwanja wote wa mbele.

“Hiyo ndiyo itahesabu magari, shangazi,” aliniambia. “Wiki nzima. Nyie endeleeni na shughuli zenu kama kawaida.”

“Inahesabu vipi?”

“Yenyewe. Inaona gari, inahesabu.”

Maneno hayo niliyashika kama nilivyoambiwa, na usinilaumu. Inaona gari, inahesabu. Basi isipoliona, haihesabu.

Sasa, watu wa hapa kwetu hawaegeshi juani. Kuna nafasi za nyuma kule uwanjani, zimechorwa vizuri, ziko tupu mwaka mzima kwa sababu jua linazipiga bila huruma. Wote wanataka kivuli cha jengo, kuanzia geti mpaka mlangoni. Nafasi za kivulini zikijaa, anayechelewa analikingamisha gari lake mbele ya yaliyotangulia, anaweka gia huru, anashusha breki ya mkono, ananyoosha magurudumu, anakwenda zake. Aliyezibiwa akitaka kutoka, anasukuma. Hakuna anayeuliza ni la nani. Mimi nimewahi kusukuma gari la mkuu wa polisi huku nimembeba mtoto wa dada yangu, na mkuu mwenyewe akanipungia mkono dirishani.

Kwa hiyo kuanzia geti hadi mlangoni, kila asubuhi kulikuwa na msururu wa magari yaliyokingama, gia huru yote, yakisubiri mkono wa mtu. Na kamera ilikuwa inayatazama.

Siku ya kwanza ya hesabu, wanawake wa mazoezi walipokwisha kupanda juu, nilifunga mlango wa maktaba nikatoka. Nikaweka mikono kwenye buti la gari la kwanza, dogo, jeupe. Likaenda lenyewe kana kwamba lilikuwa linangoja ruhusa. Nililisukuma mpaka kona ya jengo, nikalipitisha nyuma, kwenye njia ya mkwaju, mahali kamera haifiki. Nikarudi kuchukua la pili. Nilipomaliza, blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni, lakini msururu wote ulikuwa umetoweka ila mawili ya getini yaliyonishinda, na nilijiona mjanja wa kwanza kuzaliwa wilayani.

Adhuhuri nilitoka kwenda kununua wali wa kunata na kuku wa kuchoma. Magari yalikuwa yamerudi.

Si mengine. Yaleyale. Lile dogo jeupe, lile la bluu lenye kibandiko cha hekalu, pikapu ya muuza mbolea. Yamekaa katika msururu wake, kutoka geti hadi mlangoni, kana kwamba sijayagusa. Nilisimama na kuku wangu mkononi nikayaangalia. Wenyewe wako juu bado, muziki unapiga. Nani kayarudisha?

Nikala haraka, nikayasukuma tena. Kesho yake asubuhi nikayasukuma upya, na kabla ya saa ya chai yakarudi tena. Nikaanza kujishuku. Labda sikuyasukuma, nimeota. Nikatazama viganja vyangu, vyeusi kwa vumbi la mabuti. Labda sementi ina mteremko? Niliweka chungwa chini, likatulia palepale. Mama muuza tambi aliniona nimepiga magoti nikilitazama chungwa, akavuka barabara.

“Lamduan, umepoteza nini?”

“Akili.”

“Basi hapo hutaiona. Njoo unywe supu.”

Sikwenda. Nilikwenda kwenye kibanda cha mzimu mlinzi wa kiwanja, pale pembeni ya geti, nikaweka chupa ya soda nyekundu na mrija wake, nikasema kwa adabu: Babu, kama ni wewe unayerudisha magari, naomba uache, maana ukumbi ukivunjwa hata wewe utahamishwa. Nikamwongezea chupa nyingine. Magari yakarudi vilevile, na nikasema basi, huyu kahongwa na manispaa.

Kulikuwa na jambo jingine wiki ile, nalo nililiona bila kuliona. Shemeji Thawin alikuwa anachelewa. Gazeti lake lilikuwa linakaa mezani halijafunguliwa, na akija, uso mwekundu, shati limeloa.

“Shemeji, leo umechelewa tena.”

“Nilikuwa natazama magari ya watu.”

“Juani?”

“Fundi hachagui hali ya hewa,” alisema, akaketi taratibu sana. “Na wewe vitabu vya kilimo umeviweka karibu na vya mapenzi. Unamfundisha mkulima nini?”

Nikacheka, nikampa maji.

Siku ya nne ndipo nilipomkamata mtu. Nilitoka ghafla kufuata jagi la maji nililosahau nje, nikamkuta Dada Bunruean kwenye kona ya jengo, mikono juu ya buti la lile gari la bluu, anahema.

“Dada Bunruean! Unafanya nini?”

Aliiondoa mikono haraka. “Mazoezi, mdogo wangu. Daktari kasema misuli ya mabega.”

“Huku nyuma?”

“Mabega hayachagui mahali,” alisema, akanipita bila kunitazama machoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama pale nikahisi kifua kinawaka. Mwaka juzi klabu ya wazee ilipeleka ombi la kuongezewa maegesho, na sahihi ya kwanza ilikuwa ya Bunruean. Nikapata jibu langu: anataka magari yaonekane mengi. Anautaka ukumbi wangu uwe banda la magari yao. Mwanamke niliyekula naye saladi ya papai sahani moja kwa miaka! Na ambaye mumewe anakaa kwenye kiti changu kila siku! Hilo ndilo lililonichanganya zaidi kuliko mzimu. Yeye atapata wapi pa kumweka mumewe nikihamia darini? Sikuelewa, na nisipoelewa huwa nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Siku zilizobaki nilisukuma kwa hasira. Nikisukuma, anarudisha. Sikumwambia kitu, naye hakuniambia kitu.

Wiki ya hesabu ilipoisha, mkutano wa kutangaza majibu ulifanyika alasiri ndani ya ukumbi wenyewe, viti vyangu vikakaliwa na watu ambao hawajawahi kuazima hata kamusi. Kamthon alikaa mbele. Bunruean alikaa safu ya kwanza na mumewe, aliyekuwa ndani tangu asubuhi. Shemeji Thawin alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, fimbo hana, hakuwahi kutaka fimbo. Phuwanat akaunganisha kompyuta yake, picha ikatua kwenye pazia jeupe nilikowahi kuwaonyeshea watoto vikaragosi.

“Mashine imehesabu,” alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika. “Jengo hili linahitaji nafasi sabini na moja.”

Watu wakageukiana.

“Sabini na moja wapi?” niliuliza. “Sokoni siku ya sherehe hayafiki!”

“Hata mimi nashangaa, shangazi. Lakini magari yanaingia na kutoka kutwa nzima. Linatoka moja, baada ya muda linaingia. Linatoka tena, linaingia tena. Mashine inahesabu kila linaloingia kwenye picha.”

“Labda wanashusha wazee,” alisema Kamthon.

“Wazee gani hao wanaoshushwa mara nne kwa siku, Mheshimiwa?” aliuliza mtu kutoka nyuma. Kicheko kikapita.

“Au ni wanafunzi.”

“Wanafunzi wana baiskeli!”

“Au mashine haijazoea jua letu.”

Kamthon alifuta jasho akatazama pazia, akatazama dirisha, akamtazama Phuwanat. Nadhani hakuna aliyekuwa anaelewa kitu katika chumba kile isipokuwa watu wawili, na hata sisi kila mmoja alikuwa na nusu yake. Inahesabu linaloingia, si linaloonekana! Kumbe kila gari nililolificha niliongeza moja. Nimeubomoa ukumbi kwa mikono yangu miwili. Lakini mkono mmoja haupigi makofi, na mwenzangu alikuwa amekaa pale safu ya kwanza kama hana habari.

Nikasimama. “Mimi niliyasukuma nje. Nakiri mbele yenu. Nilitaka kamera isiyaone.”

“Mwalimu Lamduan!” alisema Kamthon.

“Nimekiri. Lakini yalirudi, Mheshimiwa. Nikisukuma moja, linarudi moja. Aliyerudisha naye aseme. Injinia, wewe una picha. Tuonyeshe.”

“Lamduan,” alisema Bunruean kwa sauti ya chini. “Acha.”

“Siachi, Dada. Wiki nzima nimenyamaza. Waone wote nani anaukata mkono unaomlisha.”

“Acha, nakuomba.”

Ningeacha hapo ingekuwa heri. Lakini nilikuwa nimekwisha kupanda farasi wa hasira, na yule huwa hanishushi mahali ninapotaka. “Tuonyeshe, mwanangu,” nilimwambia Phuwanat, naye akabonyeza.

Kwanza nikaonekana mimi. Blauzi ya zambarau, makalio nyuma, nasukuma gari dogo jeupe kama siafu aliyebeba punje. Ukumbi mzima ukacheka, na Kamthon akacheka mpaka akashika tumbo. Nilivumilia. Nilisukuma la kwanza, la pili, la tatu, yakabaki mawili ya getini, nikapotea ndani. Uwanja ukatulia.

Halafu getini akatokea Shemeji Thawin.

Aliweka mkono juu ya gari la kwanza lililobaki, karibu na geti, akaligonga kidogo kwa vidole kama fundi anayepima bati. Akasogea. Akaweka mkono kwenye la pili, akaligonga. Watu bado walikuwa wanacheka mambo yangu. Kisha akafika mwisho wa lile gari la pili, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kushika ila sementi mpaka mlangoni; yale yaliyo kwenye nafasi yako ndani zaidi, mkono haufiki.

Akasimama. Mkono ulibaki juu ya gari. Akanyoosha mguu wa kulia mbele, akauegemea, wa kushoto ukakataa, akarudi. Akajaribu tena. Akatazama mlango. Akatoa kitambaa akajifuta, akajifanya anakagua taa za gari. Phuwanat aliipeleka picha mbele haraka, kivuli cha jengo kikazidi kunywea, na mtu yule bado amesimama palepale, mkono juu ya gari, kichwa wazi juani.

Hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Akatokea Bunruean, anakimbia kutoka ngazini, viatu vya mazoezi miguuni. Nilidhani atamshika mkono. Hakumshika. Alimpita kama hamjui, akaenda nyuma ya jengo, akarudi akisukuma gari jeupe, kichwa kimeinama. Akaliweka mbele ya mumewe. Akaenda kuleta la pili, akaliweka mbele ya lile. Thawin akaweka mkono kwenye gari jeupe, akaligonga kwa vidole, akasonga mbele. Gari moja baada ya jingine mpaka akaufikia mlango wangu. Bunruean alijificha nyuma ya pikapu mpaka alipoona ameingia, ndipo akapanda juu kwenye muziki wake.

“Siku ya pili ni hivyohivyo,” alisema Phuwanat polepole, akirusha picha mbele. “Na ya tatu.” Akazima.

Nilitamani sakafu inimeze. Mwaka mzima mtu yule alikuwa anafika kwenye kiti chake kwa kushika magari ya watu, hataki fimbo, hataki mkono wa mkewe mbele za watu, na hakuna aliyejua. Sasa wamejua mji mzima, kwa amri yangu, yeye mwenyewe akiwa amekaa pale na shati lake lililopigwa pasi.

“Dada,” nilisema. “Mbona hukuniambia?”

“Alinikataza nisimwambie mtu,” alisema Bunruean. Macho yake yalikuwa mekundu. “Na wa kwanza aliyemtaja ni wewe. Alisema, ‘Lamduan akijua ataniletea gazeti nyumbani kama mgonjwa.’”

Kweli, ningempelekea.

Kamthon alikohoa. Akamuuliza Phuwanat magari halisi ni mangapi, na kijana akafungua picha ya asubuhi iliyojaa kuliko zote, akayahesabu kwa kidole juu ya pazia kama mtoto wa chekechea. Hata yakiwa mengi kupita siku zote hayakuzidi nafasi zilizopo. Kamthon akasema basi, ukumbi haubomolewi, hesabu imefutwa, asanteni kwa kuja. Hayo ndiyo niliyoyalilia wiki nzima, na nilipoyapata sikuweza hata kusema asante. Nilikuwa namtazama Thawin.

Alinyanyuka. Kila mtu alitazama pembeni, dari, vitabu, kucha zake. “Gari la naibu meya,” alisema kwa sauti kavu, “lina kutu chini ya mlango wa nyuma. Nimemwonea aibu kumwambia.” Akashika meza, akashika rafu, akaelekea mlangoni.

Sijui nani alitangulia. Nadhani ni muuza mbolea. Alitoka mbio kwa mlango wa pembeni, akashusha breki ya mkono, akaanza kuisukuma pikapu yake kutoka ilikokuwa. Halafu mwingine. Halafu Kamthon, na tumbo lake, akasukuma lile gari lenye kutu. Wakayapanga kutoka mlangoni kuelekea geti, buti kwa boneti, na kamera bado iko juu ya nguzo, bila shaka ikihesabu yote.

Thawin alitokea mlangoni akasita. “Mnafanya nini nyie?”

“Wanaegesha,” alijibu Bunruean.

Nilidhani atarudi ndani. Kisha akaweka mkono juu ya gari la kwanza, akaligonga, akashuka.

Lakini ilikuwa alasiri, wanawake wa mazoezi walikuwa wamekwisha kuondoka, na magari hayakutosha. Karibu na geti lilibaki pengo, na ng'ambo ya pengo nguzo ya geti. Mimi sina gari, nakuja kwa baiskeli. Nikaenda nikasimama kwenye lile pengo, nimempa mgongo ili nisimwone anavyokuja, maana niliona hiyo ndiyo adabu pekee iliyobakia kwangu.

Nilimsikia akifika gari la mwisho. Akaligonga kwa vidole. Kisha mkono wake ukatua begani kwangu, mzito, wa moto. Nikainua mguu ili nitembee naye hadi getini.

“Simama hapohapo, Lamduan,” alisema. “Magari hayanifuati.”

Nikasimama.